Betri Iliyozeeka Kabla ya Kuwa Yangu

Stima ilipotea saa tatu na dakika kumi usiku, nikiwa nimebakisha kurasa mbili za insha ya mwanafunzi fulani wa Marekani ambaye sitawahi kumjua. Insha ilihusu Vita Baridi, malipo dola 18, na ilitakiwa kufika kabla ya saa nne. Wengi wenu mnaijua hii kazi, kwa hivyo sitajifanya. Niliacha chuo mwaka wa tatu kwa kukosa karo, na tangu hapo nimekuwa nikiwaandikia watu wengine kazi zao za chuo. Mnaweza kucheka. Mimi hucheka pia, siku ambazo nimelipwa.

Laptopu ilikuwa inaonyesha asilimia 61. Nikahesabu: kurasa mbili, dakika arobaini, niko sawa. Nikawasha intaneti ya simu na kuendelea. Dakika nne baadaye skrini ikazima. Hakukuwa na onyo wala ile alama nyekundu.

Nilipoteza vitu viwili usiku huo. Cha kwanza ni zile dola 18. Cha pili ni akaunti, ambayo haikuwa yangu, nilikuwa nimeikodi kwa jamaa mmoja, na alipoona kazi imechelewa na nyota zake zimeshuka alinitumia ujumbe wa maneno mawili: "Pumzika kidogo." Wenye kuijua hii kazi wanajua maana yake.

Stima sikuilaumu sana. Kupotea ni tabia yake. Mwaka 2016 tumbili mmoja aliingia kituo cha umeme cha Gitaru na kuzima nchi nzima, halafu akatoka huko akiwa hai. Kilichoniuma ni ile 61. Nilitaka kujua ni nani alikuwa amenidanganya.

Kuna amri kwenye Windows, powercfg /batteryreport, ambayo ukiiandika laptopu inakutolea historia ya betri yake. Niliiandika kesho yake asubuhi. Ripoti ilisema kwamba betri ilipotoka kiwandani iliweza kubeba 47,520, kwa kipimo cha saa-miliwati. Sasa ikijaa kabisa inabeba 8,190. Hiyo ni kama asilimia 17 ya ilivyokuwa. Kwa hivyo ile 61 niliyoiona ilikuwa 61 ya 17. Ni kama kuambiwa sufuria ina ugali zaidi ya nusu, kumbe sufuria yenyewe imegeuka kikombe.

Nikaanza kuuliza watu. Hapo ndipo mambo yalipogeuka kuwa ya historia, kwa sababu kila mtu alikuwa na jibu na majibu yalikuwa yanapigana.

Guka, kwa simu kutoka Njoro, aliniambia niitoe niianike juani. Anko wangu akasema kosa langu ni kuacha chaji iishe. Betri haifai kulala njaa hata siku moja. Binamu yangu, ambaye ana duka la simu, akasema kinyume: unaiacha iishe kabisa, izime yenyewe, ndipo unaichaji. Na nikakumbuka kwamba yule aliyeniuzia laptopu mwaka 2021 alikuwa ameniagiza niichaji masaa manane kabla ya kuiwasha mara ya kwanza, na mimi nilikaa macho hadi usiku wa manane kutii hiyo amri.

Nimesoma sana tangu hapo, kwa skrini ya simu, na nimegundua kwamba hakuna kati yao aliyekuwa mjinga. Kila ushauri ulikuwa kweli. Shida ni kwamba kila mmoja ulikuwa kweli kwa betri nyingine.

Tuanze na Guka, kwa sababu yeye ndiye mkubwa. Guka hasemi betri. Anasema mawe. Mawe ya redio, mawe ya tochi. Kwa watu wa upande wetu mawe hayakuwa kitu cha kutoka mbali, yalitengenezwa hapo Nakuru mjini, kwenye kiwanda cha Eveready kilichofunguliwa 1967 na kufungwa 2014. Yule paka anayeruka katikati ya namba 9 alikuwa kama jirani. Guka aliweka mawe manne nyuma ya redio yake, akasikiliza taarifa ya saa moja, na sauti ilipoanza kukonda aliyatoa, akayapanga juu ya bati kama omena, akayaacha jua liyapige. Yakigoma bado, aliyauma kwa meno. Kila jiwe lililokufa kwetu lilikuwa na alama za magego ya Guka.

Ndani ya jiwe kuna mkebe wa zinki, unga mweusi wa manganizi, ute wa chumvi, na katikati kijiti cha kaboni. Georges Leclanché, Mfaransa, aliitengeneza betri ya aina hiyo mwaka 1866, ikiwa ya maji kwenye chupa ya kioo, na miaka kama ishirini baadaye Mjerumani Carl Gassner akaifanya iwe kavu ili iweze kubebwa. (Ya kwanza kabisa, ya Volta wa Italia mwaka 1800, ilikuwa mnara wa visahani vya metali na vitambaa vilivyolowekwa maji ya chumvi. Hebu fikiria kutembea na hiyo kwenye matatu.) Sasa, kemia ya jiwe inapochoka, joto huiharakisha kidogo. Mapumziko pia husaidia, kwa sababu uchafu unaojikusanya karibu na kile kijiti hupata muda wa kutawanyika. Na ukiliuma, unausukuma ule unga ambao haujatumika ukaribie kaboni. Guka alikuwa anapata taarifa mbili zaidi, pengine na mahubiri ya Jumapili. Hakukosea popote. Hata jiwe likifa kabisa halikutupwa: mamangu anasema shuleni kwao walilivunja, wakasaga ule unga mweusi na kuupaka ubao.

Anko yeye ni mtu wa betri ya gari. Hakuwa na gari. Alikuwa na runinga ya Great Wall, ile ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe, na kijijini hakukuwa na stima. Kila baada ya siku kadhaa alifunga betri nyuma ya baiskeli, akaipeleka sokoni kuchajiwa, akaifuata jioni. Mwaka 2002, alasiri ile Senegal walipowafunga Ufaransa bao 1-0 kwenye Kombe la Dunia, nusu ya kijiji ilikuwa sebuleni kwake, na bado husimulia kana kwamba yeye ndiye aliyefunga. Hiyo ni betri ya risasi na asidi. Gaston Planté, Mfaransa mwingine, aliivumbua mwaka 1859, na ndiyo ya kwanza duniani iliyoweza kuchajiwa tena. Ukiiacha bila chaji, madini fulani hujenga fuwele ngumu juu ya bamba za risasi, na ukizichelewesha hazitoki tena. Kwa hivyo Anko alijifunza sheria moja: ijaze, na ikae imejaa.

Binamu na yule muuzaji ni wa enzi ya nikeli. Betri ya nikeli na kadimiamu ilitengenezwa na Waldemar Jungner wa Sweden mwaka 1899, lakini ndiyo iliyokuja kubeba kamera, redio za polisi na laptopu za kwanza miaka ya 80 na 90. Hiyo ilikuwa na tabia ya ajabu. Ukiizoesha kutumia nusu tu kila siku, inaweza kujifanya imesahau ile nusu nyingine. Ndiyo sababu watu waliambiwa waimalize kwanza. Na ilikuwa inaingia chaji polepole, ndiyo sababu ya masaa manane. Hizo betri zimeondoka madukani, lakini amri zake zimebaki midomoni mwa wauzaji, zikirithishwa na watu ambao hawajawahi kuigusa betri yenyewe.

Nami nilikuwa nimezitii zote. Niliimaliza hadi sifuri, niliijaza hadi 100 na kuiacha hapo, na, ndiyo, kuna Jumamosi moja niliiweka dirishani juani. Sitaki kuulizwa.

Betri ya laptopu yangu ni ya lithiamu, na hadithi yake inaanza kwenye kampuni ya mafuta. Mwaka 1973, vita vya Waarabu na Israeli vilipofanya mafuta kuadimika, Exxon iliogopa siku ambayo mafuta yangeisha, ikaanza kutafuta nishati nyingine. Ilikuwa imeshamwajiri Mwingereza kijana, Stanley Whittingham. Alitumia lithiamu, metali nyepesi kuliko zote, kwa upande mmoja, na upande wa pili akaweka titani iliyochanganywa na salfa, ambayo imejipanga tabaka juu ya tabaka kama chapati iliyopikwa vizuri. Lithiamu inaingia katikati ya tabaka, inatoka, inaingia tena. Hakuna kinachoyeyuka, hakuna kinacholiwa. Kwenye jiwe la Guka zinki huliwa hadi mkebe unatoboka na kuvuja. Hapa lithiamu inasafiri tu kwenda na kurudi.

Ila lithiamu tupu huwaka. Kila ikirudi inaota miiba midogo, na mwiba ukifika upande wa pili, moto. Wazimamoto waliitwa kwenye maabara hiyo mara nyingi hadi wakatishia kuwatoza gharama ya dawa maalumu za kuzimia moto wa lithiamu. Bei ya mafuta ikashuka mwanzoni mwa miaka ya 80, na Exxon ikaachana na kazi hiyo. Woga ulikuwa umeisha.

Mwaka 1980, huko Oxford, Mmarekani mmoja mwenye miaka 57, John Goodenough, pamoja na wenzake, alibadilisha ule upande wa chapati. Badala ya titani na salfa aliweka kobalti na oksijeni, na volti zikapanda kutoka zaidi kidogo ya 2 hadi karibu 4. Hiyo ndiyo hatua iliyofanya laptopu iwezekane. Chuo hakikutaka kulipia hataza, haki zikaenda kwa maabara ya serikali ya Uingereza, naye hakutajirika kwa uvumbuzi huo. Miaka hiyo hiyo, Grenoble, mwanafunzi kutoka Fès nchini Morocco, Rachid Yazami, alionyesha kwamba lithiamu inaweza kuingia na kutoka katikati ya tabaka za grafiti, ile kaboni ya penseli, bila kuota miiba. Huko Japani, Akira Yoshino alisoma makala ya Goodenough, akaunganisha kobalti yake na upande wa kaboni, na mwaka 1985 akawa na betri isiyo na lithiamu tupu ndani. Mwaka uliofuata aliipeleka kwenye uwanja wa majaribio ya vilipuzi na kuiangushia kipande kizito cha chuma. Haikulipuka.

Mwaka 2019 Goodenough, Whittingham na Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Goodenough alikuwa na miaka 97, mzee kuliko mtu yeyote aliyewahi kupewa. Nobel moja haigawiwi zaidi ya watu watatu, kwa hivyo Yazami alibaki nje, ingawa grafiti ndiyo iliyomo kwenye simu unayosomea hii insha. Aliwahi kutunukiwa pamoja na Goodenough na Yoshino tuzo ya wahandisi ya Draper mwaka 2014. Lakini Nobel ndiyo inayoandikwa vitabuni, na hilo linanikera zaidi ya inavyopaswa, pengine kwa sababu na mimi huandika kazi zinazobeba majina ya wengine.

Sasa hebu tusimame kwenye lile neno kobalti, kwa sababu lina uhusiano na lugha ninayoandika.

Ule unga wa Goodenough, ukiupima, asilimia 60 hivi ya uzito wake ni kobalti. Jina lenyewe linatokana na Kobold, jini la migodini la Wajerumani, maana wachimbaji wa kale waliamini ndilo lililoharibu madini yao. Na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, kama asilimia 70 ya inayochimbwa siku hizi, hutoka kusini mwa Congo: Kolwezi, Likasi, Lubumbashi. Watu wa huko wanasema Kiswahili. Si cha Mombasa wala cha Eastlands. Wao watasema batoto mahali pa watoto, bakubwa mahali pa wakubwa. Ni Kiswahili kilichokua kwenye kambi za wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyoanzishwa 1906, iliyokusanya watu wa makabila mengi na kuhitaji lugha moja ya kutolea amri. Kuanzia 1971 hadi 1997 mkoa wenyewe haukuitwa Katanga. Mobutu aliuita Shaba. Neno letu kabisa, la metali iliyokuwa ikichimbwa kwanza, kobalti ikija kama mabaki yake.

Mei 1978 waasi waliotoka Angola waliuteka mji wa Kolwezi, Ufaransa ikawashusha wanajeshi wake kwa miavuli, na bei ya kobalti duniani ikaruka mara kadhaa. Miaka miwili baadaye Goodenough akatoa betri inayotegemea madini hayo hayo. Alichagua kobalti kwa sababu ya kemia. Aliyekuwa chini ya ardhi Kolwezi hakuulizwa. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo mjini humo, iligunduliwa kwamba madini yako chini ya nyumba, na watu wakaanza kuchimba ndani ya ua na chini ya sakafu za sebule zao. Mwaka 2016 Amnesty International ilitoa ripoti kuhusu wachimbaji wa mikono, watoto wakiwemo, na kampuni ambazo hazikujua, au hazikutaka kujua, unga wao umetoka wapi. Sijui kama kobalti ya betri yangu ilipitia mikono ya mtu wa Kasulo. Najua tu kwamba kama ilipitia, mimi na yeye tungeelewana bila mkalimani.

Sony ndiyo iliyoipeleka hii betri sokoni, mwaka 1991, kwa ajili ya kamera za video. Hapo ndipo penye jibu nililokuwa natafuta. Betri hii ilizaliwa kwa ajili ya mtu wa Tokyo mwenye kamera ambayo angeibadilisha baada ya miaka miwili au mitatu. Huwa inahesabiwa kudumu mizunguko 300 hadi 500 ya kujaa na kuisha kabla haijashuka hadi asilimia 80 ya uwezo wake, na kwa mtu huyo hiyo ilikuwa zaidi ya kutosha. Hakuna aliyekuwa akifikiria mmiliki wa pili.

Uzee wake unakuja hivi. Kwenye grafiti, tangu chaji ya kwanza, hujijenga utando mwembamba. Unahitajika, bila huo betri isingefanya kazi. Lakini hauachi kukua, na kila ukikua unameza lithiamu kidogo, ambayo haisafiri tena. Utando hukua hata ukiwa umeizima betri na kuiweka kabatini. Hukua haraka zaidi kukiwa na joto, na betri ikikaa imejaa. Yaani jua la Guka na shibe ya Anko ndivyo vitu viwili inavyovichukia zaidi. Kuimaliza hadi sifuri, sheria ya Binamu, kunaiumiza kwa njia nyingine. Na yale masaa manane hayakuisaidia kitu.

Laptopu yangu ni "ex-UK", kama magari. Chini yake bado kuna kibandiko cha ofisi fulani ya Uingereza chenye namba ya mali. Betri imeandikwa 2014. Nadhani iliishi miaka yake yote mezani kwa mtu, ikiwa imechomekwa ukutani, imejaa 100 na ina joto, ikizeeka bila kutumika. Ilipofika Nairobi 2021 kwa shilingi 17,000, pesa niliyotoa kwenye mkopo wa masomo, ilikuwa na miaka saba. Muuzaji aliifuta vumbi akasema betri inashika masaa matatu. Kwa mwezi mmoja ilishika kweli. Halafu mimi nikaiweka juu ya blanketi, chaja ikiwa ndani mchana na usiku, bedsita yenye dirisha moja, bati juu.

Nilimpelekea fundi mmoja wa Luthuli, ghorofa ya pili, kibanda cha ukubwa wa meza mbili. Betri yangu ni ile ya zamani inayotoka kwa kubonyeza vishikizo. Aliipasua ganda kwa kisu butu, taratibu. Ndani kulikuwa na seli sita za chuma, kubwa kidogo kuliko mawe ya tochi ndogo: milimita 18 upana, 65 urefu. Nilishtuka. Nilitarajia kitu cha kisasa, kumbe ni mawe tu, yamepangwa mawili mawili.

Akaweka mita. Jozi ya kwanza volti 3.9. Ya pili 3.9. Ya tatu 2.1.

"Hii ndio imekuuza, boss," akasema. "Hizi nne bado ziko na pumzi. Hii mbili imekufa. Sasa kompyuta inaona jumla inasema sawa, uko na sitini. Ukianza kuivuta kwa nguvu hii inaanguka, na kale kachipu kanazima kila kitu ndio isiungue."

Kwa hivyo hakuna aliyenidanganya. Ile 61 ilikuwa makisio ya chipu ndogo ya kijani, iliyozeeka pamoja na seli zake.

Nikamuuliza kama anaweza kubadilisha zile mbili tu. Nilikuwa na 2,000 mfukoni na betri mpya, yenye kibandiko cha "original" ambacho yeye mwenyewe alikicheka, ilikuwa 3,500. Akanionyesha kona ya meza yake. Ilikuwa nyeusi, imeungua hadi ndani ya mbao.

"Mtu aliniambia hivyo hivyo. Nikachanganya mpya na mzee. Mzee akishiba mpya bado ana njaa. Naweza, lakini sitaki."

Hata wakubwa wameunguzwa na seli za aina hii. Mwaka 2006 Dell iliita zirudi betri milioni 4.1 zenye seli za Sony, na Apple milioni 1.8, baada ya laptopu kadhaa kuwaka. Ndani ya baadhi ya seli kulikuwa na chembe ndogo za metali zilizobaki kiwandani. Fundi hakuhitaji kuambiwa hayo. Ana ndoo ya mchanga chini ya meza, na betri iliyofura haitoboi wala haikandamizi hata ukimlipa. Anaibeba kama yai hadi kwenye mchanga.

Alichonipa ni hiki. Kwenye debe la plastiki alikuwa na seli alizozitoa kwenye betri nyingine zilizokufa nusu, kila moja imeandikwa kwa kalamu uwezo wake baada ya kupimwa: 1,610, 1,650, 1,480. Mpya ingekuwa 2,200. Angetafuta sita zinazolingana, awe amezichaji na kuzimaliza mara mbili kuhakikisha, azilehemu bila kukata umeme wa ile chipu, kwa sababu zingine ukiziacha bila umeme hata kidogo zinajifunga na hazifunguki. Siku sita. Shilingi 1,800.

"Warranty?" nikauliza.

"Boss." Akanitazama tu.

Siku hizo sita niliandika kwenye simu, kwa kidole gumba, kazi za dola tatu tatu. Nilikuwa nafikiria lile debe. Kila kitabu nilichosoma kinamalizia historia ya betri Stockholm, kwa mzee wa miaka 97 na medali. Lakini betri nyingi duniani hazifii mikononi mwa mmiliki wa kwanza. Kuna miaka mingine baada ya ile iliyopangwa, na kazi ya miaka hiyo inafanywa kwenye vibanda kama hiki, na watu ambao hawakuachiwa maelekezo, wakijifunza kwa kuunguza kona za meza. Kupima, kupanga, kukataa kuchanganya: hakuna aliyewafundisha. Kama sehemu hiyo haiandikwi basi historia ya betri imekatwa katikati.

Niliichukua Alhamisi. Ripoti mpya, baada ya kuichaji na kuitumia mara kadhaa ili ile chipu ijifunze upya: 34,870. Inanipa saa mbili na nusu. Sasa naichomoa ikifika 80 hivi na naichomeka kabla haijafika 20, na haikai tena kwenye blanketi. Nimeinua nyuma yake kwa vifuniko viwili vya chupa ipate hewa. Jamaa wa akaunti hajanirudishia, ila nimepata mwingine, anakata asilimia 30.

Nilimpigia Guka kumwambia imepona.

"Uliianika?"

"Hapana, Guka. Hii haitaki jua."

Akanyamaza kidogo. "Na kuuma?"

"Ukiuma hii, Guka, tutakuzika."

Akacheka hadi akaanza kukohoa, na nyuma yake nikasikia redio. Siku hizi anaiwasha kwa sola.

Zile seli nne zangu zenye pumzi fundi alizibakisha, ziende kwenye pawabenki za watu. Zile mbili zilizokufa alinirudishia, kwa sababu ndoo yake ilikuwa imejaa. Nilizifunga miisho kwa gundi ya karatasi kama alivyoniambia. Anayezoa taka kwenye ploti yetu alizitazama akasema zote zinaenda Dandora, pamoja na maganda ya viazi, na kwamba vitu vya aina hiyo ndivyo vinavyowasha moto huko. Nikazirudisha ndani. Ziko chini ya kitanda, kwenye mkebe wa Blue Band, nimezifunika kwa mchanga niliouchota kwenye jengo linalojengwa ng'ambo ya barabara.